Nguo Nzuri za Cephas

Nyasuguta alikuwa na cherehani mbili dukani mwake, Migori. Ile ya stima, nyeupe, ilishona magauni kwa mbio na kuringa mbele ya wateja. Ukiipa blanketi la viraka, tabaka tatu za kitambaa, ilivunja sindano ikanuna. Ile nyeusi ya kuzungusha kwa mkono, aliyoachiwa na mama yake, ilikuwa kuukuu, lakini ilitoboa hata jinzi, na mshono wake haukujua kufumuka.

Asubuhi moja mdogo wake Cephas, mchimba dhahabu wa machimbo ya Osiri, aliingia na gunia begani.

"Dada, nishonee blanketi za viraka za watoto. Lakini tumia ile ya mama. Mshono wa hii ya stima utafumuka kabla wakuwe wakubwa."

Nyasuguta akacheka. "Siku hizi unanifundisha kazi?"

Akamwaga gunia mezani, na kicheko kikamkauka. Hazikuwa nguo za kutupwa. Kulikuwa na shati la Sabato, suruali isiyo na doa, na koti ambalo Cephas alilinunua mwaka jana tu, akalivaa kwa madaha. Alipomtazama vizuri sasa, aliona jinsi mkanda ulivyomzidi kiuno. Ukimwi miaka hiyo ulitajwa redioni; mtaani watu walisema fulani ana malaria isiyosikia dawa, kisha wakabadilisha mazungumzo. Nyasuguta mwenyewe alikwisha kusema hivyo matangani, tena si mara moja. Aliogopa kuuliza, kwa hiyo akaendelea kuchambua nguo.

Chini kabisa yalikuwa magauni ya Mellen, mke wa Cephas. Hata lile la arusi.

"Mellen anajua umezileta?"

"Ni yeye alizikunja."

Nyasuguta akaketi. Mwenye macho haambiwi tazama. Alitaka kulia, lakini akaona kulia ni kumzika mtu angali amesimama. Akaivuta cherehani nyeusi, akaitia mafuta, akatunga uzi. Watoto wangelelewa kwake, hilo halikuhitaji kikao. Tayari aliwaona wamelala chumba cha nyuma: Boaz, Liz, na Bitutu mchanga, aliyekuwa bado ananyonya.

"Watoto ni watatu," alisema akishika mkasi. "Nguo zitatosha. Nikate blanketi tatu sawasawa?"

Cephas alitazama nje barabarani.

"Kata mbili, dada," alisema. "Bitutu tutaenda naye."