Kinyozi Aliyegeuzwa Mumia

Kaka yangu Sidki alikuwa mrefu kuliko wanaume wote wa Luksor, na sidhani kulikuwa na mlango katika mji ule ambao haukuwahi kumgonga kichwa. Kazi yake ilikuwa kinyozi. Dukani kwake alikuwa msemaji hodari. Mteja akishafungwa kitambaa shingoni, Sidki alimmwagia habari za bei ya pamba, za mfalme, za punda wa jirani aliyekula kilemba cha shehe, mpaka mteja akasahau kwamba wembe uko kooni. Lakini mbele ya mwanamke ambaye si mama yetu wala si mimi, ulimi wake ulifungika kama mlango wa benki siku ya Ijumaa.

Na zaidi ya wanawake wote, Fikriya.

Fikriya alikuwa mjane, akikaanga taamia, badia za maharage, karibu na stesheni ya treni. Alisaga maharage yake mwenyewe, akayachanganya na giligilani na vitunguu, na harufu ya karai lake iliwashusha abiria kwenye treni kabla ya kituo chao. Alikuwa na macho makubwa na mdomo usiomhofu mtu. Kila asubuhi Sidki alikwenda kwake, akainama chini ya turubai la kibanda chake, akasema, "Kama jana." Akapewa, akaondoka. Mwaka mzima hakuwahi kuongeza neno la tatu.

Majira ya baridi yale, Khawaja Pandeli, Mgiriki mwenye sinema, aliletewa filamu kutoka Amerika. Ilikuwa habari ya mumia, maiti wa zama za mafirauni aliyezungushiwa vitambaa, ambaye anaamka kaburini na kumtafuta mwanamke aliyempenda alipokuwa hai. Khawaja alisema kule Kairo wanawake wamezimia. Sisi tulicheka. Ng'ambo ya mto wetu makaburi ya mafirauni yamejaa mlima mzima, na nusu ya wajomba zetu wamekula mshahara kwa kuyachimba.

Kicheko hicho kilimtia khawaja wasiwasi. Alikuja nyumbani kwetu tarbushi mkononi.

"Jalila binti yangu," aliniambia, "nyie watu wa hapa mmezoea maiti. Nani atakata tiketi kuja kumtazama jirani yake? Nataka mumia atembee sokoni, watu wamwone, wapate hamu. Wewe fundi wa kushona. Na kaka yako ana urefu wa kutosha."

"Mimi?" Sidki aliruka. "Khawaja, nina duka. Nina heshima yangu!"

"Utafunikwa uso wote. Nani atakujua?"

Mimi niliyemjua niliona kuna kitu kimemwingia kichwani. "Uso wote?" akauliza. "Kabisa?"

Siku ya Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri, nilimsimamisha uani. Nilichana shuka kuukuu, nikazichovya kwenye chai nzito mpaka zikawa na rangi ya udongo, nikamzungushia toka vidole vya miguu hadi utosini. Nilimwachia macho na mwanya mdogo wa mdomo, kisha nikamshona mgongoni zisije zikafumuka. Mama alitoka jikoni, akamwona, akatupa sufuria.

"Ni mimi, mama!"

"Najua ni wewe! Hata ukiwa hai hunifurahishi, sembuse hivyo!"

Tukatoka. Mimi nilimfuata nyuma na sindano yangu, uzi ukiachia nifunge. Watoto walikimbia wakipiga kelele, wakarudi, wakakimbia tena kwa raha. Muuza machungwa alimwuliza kama kule kaburini wanalipa kodi. Muuza kahawa, mtu mnene aitwaye Hilmi, alijificha nyuma ya birika lake akamwambia apite upande wa pili. Bibi mmoja wa Kizungu, mtalii, alimwona kwenye kona ya msikiti, akapiga ukelele, akashika njia ya kituo cha polisi.

Sidki hakugeuka kulia wala kushoto. Miguu yake ilikwenda moja kwa moja hadi stesheni, akasimama mbele ya karai la Fikriya, akainama chini ya turubai.

Fikriya alimtazama toka juu hadi chini. Hakushtuka hata kidogo.

"Wewe marehemu," alisema, "unanunua au unanizibia wateja?"

Nilingoja kaka yangu aondoke. Lakini kutoka ndani ya zile shuka zangu ilitoka sauti nzito, ile ile ya dukani.

"Bibie, nimelala kaburini miaka elfu tatu. Walinizika na dhahabu, walinizika na kiti changu, walinizika na paka wangu. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuniwekea taamia."

Watu wakaanza kusogea.

"Na paka yuko wapi?" Fikriya aliuliza, akigeuza taamia zake.

"Alikata tamaa mapema. Mimi nilisema, ngoja, ipo siku itaingia harufu humu."

"Masikini! Na wewe ulipokuwa hai ulikuwa na maneno matamu hivi hivi?"

"Nilipokuwa hai nilikuwa bubu. Kulikuwa na mwanamke, macho yake kama hayo yako. Kila nikimkaribia, nasahau hata jina langu."

"Basi huyo mwanamke alikosa burudani," Fikriya alisema. Alichukua taamia ya moto, akaipuliza. "Fungua mdomo, marehemu. Usije ukafa tena kwenye biashara yangu."

Akamlisha kwa mkono wake, moja, na nyingine, na nyingine. Mafuta yalichuruzika kwenye shuka. Umati ulikuwa ukipiga makofi, na mimi machozi ya kicheko yalinitoka hata sikuona sajini anakuja.

Huyo alikuwa Sajini Maujud, mtu ambaye sharubu zake zilifika mahali kabla yake.

"Mtu asiondoke! Mumia huyu katoka ghala gani?"

"Kaja mwenyewe, afande!" mtu akajibu.

"Mali ya kale hairuhusiwi kuzurura mjini. Wewe! Jina lako?"

Sidki akafunga mdomo. Nilijua kwa nini: akitaja jina, Fikriya atamjua. Nilitaka kumjibia, akanitikisia kichwa.

"Hana jina, hasemi," sajini alitamka kwa sauti ya kazi. "Kwa hiyo ni maiti. Namkamata maiti."

"Maiti gani anayemaliza sahani nzima ya taamia?" Fikriya alimfokea. "Una akili kweli, Maujud?"

"Utalieleza hilo kituoni, mwanamke."

"Nalieleza! Twende!"

Akatoa karai motoni, akabeba kikapu chake, akatutangulia. Soko zima likatufuata.

Afisa wa zamu alikuwa kijana kutoka Kairo. Alipoletewa maiti aliyeshikwa mkono na sajini, aliinamisha uso mezani, mabega yakatikisika. Alipoweza kusema, aliagiza uso ufunuliwe. Nikatoa mkasi. Sidki aliniangalia kwa macho ya kuomba, lakini nifanye nini? Nikakata.

Uso ulitoka mwekundu, umelowa jasho, una madoa ya chai, na jani la giligilani limenasa kwenye masharubu.

"Fundi Sidki," Fikriya alisema kwa utulivu, "habari za kaburini?"

"Ulikuwa unajua?" mimi ndiye niliyeuliza, maana kaka yangu alikuwa amekauka.

"Luksor nzima, nani mwingine huinamia turubai langu?" Kisha akamgeukia yeye, na sauti yake ikashuka. "Haya, fundi, malizia. Ulikuwa unasema nini kuhusu macho ya yule mwanamke?"

Kituo kizima kikasogea karibu. Hata sajini alishika sharubu zake. Sidki akafumbua mdomo, akaufumba, akaufumbua tena.

"Ka... kama jana," alisema.

Afisa alicheka. Fikriya hakucheka. Alinyanyua kikapu chake. "Yule maiti alikuwa na ulimi kuliko wewe," alimwambia, akaenda zake.

Nilimpeleka kaka yangu nyumbani, vitambaa vikiburutika nyuma yake. Alinawa, akavaa kanzu safi, akakaa anatazama ukuta. Ilibidi mama amsukume ndipo akaenda sinema, kwa kuwa khawaja alikwishampa nafasi ya bure.

Sinema ilijaa jioni ile mpaka watu wakakaa ngazini. Wanawake tulikuwa juu, roshanini. Fikriya alikuwa mbele yangu pamoja na mama yake, amejifunga shali nyeusi, na hakugeuka kunisalimu. Chini nilikiona kichwa cha Sidki kimewazidi wote.

Taa zikazimwa. Wale wale tuliocheka tukaanza kukamata viti kwa nguvu. Kwenye pazia jeupe kulikuwa na kijana anasoma peke yake, na nyuma yake maiti amesimama kwenye sanduku lake. Taratibu sana, jicho la maiti likafunguka. Mama yake Fikriya alianza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti. Mkono mkavu ukashuka.

Papo hapo picha ikakatika, kukawa giza tupu.

"Katoka!" Hilmi muuza kahawa alipiga ukelele. "Katoka kwenye pazia!"

Hapo utani uliisha. Watu waliinuka wote kwa pamoja, wakasukumana kuelekea mlango, na mlango ulikuwa mmoja. Nilisikia kiti kinavunjika, mtoto analia, khawaja anapiga kelele kwa Kigiriki. Mwanamke aliniangukia. Nilifikiri, leo watu watakufa kwa sababu ya picha.

"Kaeni chini!"

Sauti ile iliujaza ukumbi.

"Kaeni chini, nyie! Mumia wenu ni mimi, na bado nanuka chai! Hilmi, nani akutoe wewe mlangoni ukishakwama? Kaa!"

Mtu mmoja akacheka, kisha wengine.

"Hivyo hivyo. Aliyemkanyaga mwenzake amwombe radhi. Aliyeshika mtoto asiye wake amrudishe. Mashine imechoka tu, khawaja ataiamsha. Wakati tunangoja nina neno langu. Kule juu huenda yupo mtu ambaye leo sikummalizia maneno. Bi Fikriya, sijui kama umekuja, na nashukuru sikuoni. Mwaka mzima nakula taamia zako, na kusema kweli maharage hayapatani kabisa na tumbo langu. Nakuja kukusikia unavyowagombeza watu. Nikirudi dukani, kicheko chako kinanifanya nikate nywele upande mmoja. Mwulizeni kadhi, nilimharibu mwezi uliopita."

"Kweli!" sauti ya kadhi ilitoka gizani.

"Nilitaka kusema kwamba..."

Taa zikawaka.

Kaka yangu alikuwa amesimama juu ya benchi, mkono hewani, uso wazi, na mji wote unamtazama. Akainua macho, akamwona Fikriya ameegemea ukingo wa roshani, shali imeshuka mabegani. Mdomo wa Sidki ulibaki wazi. Nikasema moyoni, basi, kwisha.

"Endelea," Fikriya alisema. "Nasikia."

Nilimwona akishika bega la mtu aliyekuwa karibu asianguke.

"Nataka," alisema, "nataka kesho nimtume dada yangu kwa mama yako. Kukuposa. Ukikataa nitaelewa. Ila nitahama mji."

"Kwa nini kesho," mama yake Fikriya alipaza sauti, "na mimi nipo hapa?"

Ukumbi ulilipuka. Tarbushi zilirushwa, nami nilipiga vigelegele mpaka koo likauma. Fikriya alijifunika uso kwa shali, akamvuta mama yake akae, kisha akachungulia tena.

"Shuka hapo, fundi Sidki, watu wamekata tiketi. Ukinisubiri nje, tutazungumza."

Filamu iliendelea, lakini haikumtisha mtu tena. Kila yule maiti alipotokea, watu walimpa ushauri wa kuposa. Khawaja alilalamika kwamba tumemharibia kitu cha kutisha, ila wiki nzima ukumbi haukupungua.

Tulirudi nyumbani kwa miguu kupitia kando ya mto. Mama yake Fikriya alinishika mkono, akatembea mbele haraka kwa makusudi, tusisikie ya nyuma yetu. Tulisikia hivyo hivyo.

Walioana baada ya Idi. Fikriya alihamishia karai lake mlangoni mwa duka la kinyozi, na wawili hao wakawa wanabishana kutwa, yeye na mwiko, mume na wembe, wateja katikati wakicheka kwa uangalifu. Mpaka leo nikikata kona ya mtaa ule, nawasikia kabla sijawaona.