Nyekundu Nne Katika Mia

Mwaka 2007, katika ofisi moja ya ghorofa ya tatu pale Luthuli Avenue, palikuwa na sheria isiyoandikwa popote: jaribio la programu likitoka jekundu, yaani limefeli, rudia. Likitoka jekundu tena, kanywe chai kwanza, kisha urudie. Mwishowe hutoka kijani, na kila mtu huenda nyumbani roho safi. Na hao ni watu waliosoma!

Kampuni hiyo ilikuwa ikiunda mashine za kuangulia mayai. Mashine zenyewe zilikuwa bado mbili tu, kwa hiyo programu ya kuziendesha ilijaribiwa ndani ya kompyuta iliyojifanya mashine: ina hita ya kuigiza, kipimajoto cha kuigiza, hata umeme wa kuigiza uliokatwa na kurudishwa, maana hapa ni Kenya.

Aliyesimamia majaribio hayo ni Wanjira. Mashine ya kwanza ilikuwa tayari Uthiru kwa mamake, Wanjugu, mfugaji wa kuku. Mayai mia tatu yangeingia humo Jumamosi, bintiye akisema ndiyo, na Wanjugu hakuwa na mengine ya mbegu msimu huo. Sasa ni Alhamisi, na jaribio la umeme kukatika lilikuwa limetoka jekundu tena.

"Hebu rudia, mwanangu," alisema Twahir, mkuu wa mafundi, mtu wa Lamu asiyepandisha sauti. "Ni kompyuta tu hiyo, imelemewa."

"Nimerudia sana, mzee. Lakini mbona inalemewa na hii moja tu?"

Swali hilo lilimwasha Wanjira mwenyewe kama upupu. Akafanya jambo ambalo ofisi nzima haikuwahi kulifanya: aliliendesha jaribio mara mia, kila jekundu akaliandika, hakufuta hata moja. Yalikuwa thelathini na moja.

Mengi yalitokea wakati kompyuta ina kazi nyingine nyingi. Kumbe jaribio lilihesabu dakika kwa saa ya kompyuta, ilhali mashine ya kuigiza ilihesabu kwa saa yake yenyewe, ambayo hujikokota kazi zikizidi. Akavifanya vyote vifuate saa moja, saa ya mashine, akaendesha mara mia tena. Nyekundu zikabaki nne.

"Waona?" Twahir alicheka. "Nilikwambia ni kompyuta. Nne katika mia si neno."

Mtu mwingine angeshukuru Mungu akafunga kazi. Wanjira alitaka kujua zile nne zina nini. Akazifungua moja moja, na zote zilikuwa watoto wa mama mmoja: umeme ulikatika sekunde ileile mashine ilipokuwa ikiandika kiwango cha joto kwenye kumbukumbu. Ikiamka, inaendelea kusoma sifuri humo, inadhani mayai yamepoa, inawasha hita isiizime tena. Wanjira alifurahi hadi akapiga meza. Kisha akakumbuka mayai ni ya nani, na furaha ikamtoka.

Twahir alivuta kiti, akazisoma zote nne.

"Huko kwenu umeme hukatika mara ngapi?"

"Kila siku mbili, tatu hivi."

Mayai ya kuku huanguliwa kwa siku ishirini na moja. Hakuna aliyeitaja tena kompyuta iliyolemewa.

"Mpigie mama," alisema Twahir.

Wanjira akapiga palepale. "Mum, usiweke mayai. Tumepata makosa kwa mashine. Stima ikipotea vibaya, inaweza kuyapika."

"Ai! Sawa, nitawekea kuku wenye wanalalia, yale wataweza. Lakini niambie, hiyo kompyuta imejua hii maneno tangu lini?"

Wanjira alitafuta tarehe ya jekundu la kwanza. "Tangu Machi." Ilikuwa Juni.

"Na ilikuwa inawaambia?"

"Ilikuwa inatuambia, Mum."

"Sasa nyinyi mlikuwa mnaijibu nini?"

Twahir, aliyesikia kila neno, aliinamisha kichwa. Wanjira aliona aibu, aibu ya kweli, lakini hakuwahi kumdanganya mamake.

"Tulikuwa tunaiambia irudie," alisema, "mpaka iseme vile tunataka."