Harusi Ilikuwa Katikati

Hebu niambie, umewahi kuipenda filamu tangu ujana wako, kisha uzeeni ukagundua kumbe hukuijua?

Mume wangu alikuwa fundi wa mtambo wa sinema. Ile filamu ya Kitaliano, ya mwashi na mchumba wake, ilitufikia ndani ya makopo ya bati yenye maandishi ambayo hapa kwetu hakuna aliyeweza kuyasoma. Akaipanga mikanda kwa kukisia. Harusi akaiweka mwisho. Alisema, sasa harusi ikae wapi kwingine? Mji mzima ukaipenda. Watu walitoka ukumbini wanacheka, na mimi nikaolewa na yule aliyewachekesha.

Juzi binti yetu alileta filamu hiyohiyo kwenye diski, imesafishwa upya. Baba yake alikuwa arudishwe hospitali kesho yake, atiwe tena mpira wa kulishia puani. Daktari mwenyewe alishasema hautamponya, utamsogezea siku tu. Kila tulipomwuliza mzee yeye anaonaje, alijibu, "Mtakavyo." Neno hilo lilinichoma kuliko ugonjwa wake.

Mchana tulifunga mapazia, tukamwegemeza kwenye mito. Binti akakaa mkekani, anakunja nguo za baba yake za kwenda nazo wodini.

"Baba, ona inavyong'aa! Zamani si ilikuwa kama mvua inanyesha humo ndani?"

"Mvua gani, we mtoto? Ile ilikuwa mikwaruzo yangu," akasema, mdomo ukitabasamu upande mmoja.

Kweli iling'aa. Niliona vumbi la chokaa kwenye kope za mwashi. Niliona kiraka kwenye kiwiko cha yule mchumba wake, kimeshonwa kwa uzi usiofanana na gauni. Harusi ikaja, wakacheza. Nikamshika mzee mkono, nikijua tumemaliza.

Haikuisha.

Bibi harusi akaugua. Mwashi akampeleka hospitali ya mjini, akamwacha kwenye wodi ndefu, akarudi kazini. Mgonjwa akalala anautazama mlango. Hakuna aliyeingia. Nesi akavuta pazia kukizunguka kitanda, kukawa giza, na filamu ikaishia hapo.

Pazia lile nilikuwa nalijua. Zamani lilitangulia harusi, nasi tukadhani mgonjwa amelala tu, ameamka amepona, ameolewa.

"Baba wewe! Kumbe ulimfufua mke wa watu!" Binti alijaribu utani.

Mzee hakucheka. Mkono wake ulikuwa baridi ndani ya wangu, mifupa mitupu, na machozi yalimtiririka hadi sikioni bila yeye kuyafuta.

Binti akavuta zipu ya mkoba. Mzee akageuza kichwa kuelekea ule mlio.

"Mwanangu, zitoe hizo nguo. Sitaki kwenda. Nataka nife hapahapa, mama yako akiwa karibu."