Paka Kumi na Wawili wa Maktaba

Jumanne, tarehe nne Machi. Asubuhi kulikuwa na manyunyu yasiyolowesha hata unyusi, na vumbi la mbao lilikuwa limetulia karakanani.

Shangazi alikuwa akichonga macho ya paka wa kumi na mbili. Macho huchongwa mwisho, naye hakuyagusa kabla ya kumwomba Mungu. Alipomaliza, mpwa wake, mwenye karakana, alimpindua paka akamchoma tumboni kwa chuma cha moto chenye jina lake mwenyewe. Mwaka wa tisa huo akifanya hivyo.

"Na jina langu, mwanangu? Hata chini ya mkia."

"Shangazi, kwani sisi si damu moja? Jina ni lilelile."

"Basi weka langu."

Fundi wa vanishi alikohoa ili asicheke.

Saa nne alifika mama wa maktaba, aliyeagiza paka wa kuegemeza vitabu. Mpwa aliwapanga mezani, akasimama mbele yao kifua mbele. Paka wote wakageuza shingo, wakamtazama Shangazi aliyekuwa akinoa patasi pembeni. Alipokwenda kunywa maji, shingo zikamfuata hadi mtungini, zikarudi naye.

"Wanamtazama nani hao?" aliuliza mama wa maktaba.

"Ni unyevu tu. Mbao hupinda."

"Unyevu wenye adabu," alisema fundi wa vanishi. "Unamjua mkubwa."

Mpwa alichukua paka mmoja akamchonga upya macho. Patasi alifundishwa na Shangazi huyohuyo, ila hakufuzu. Jicho moja likamtazama yeye, la pili likabaki kwa Shangazi. Mama wa maktaba alisema huyo atakaa kwenye vitabu vya sheria.

"Ila Jumamosi tunafungua," aliendelea, "nami nitamsimamisha mchongaji mbele ya wageni. Sasa mchongaji asiyetazamwa na kazi yake, watu watasemaje?"

Shangazi aliweka patasi chini, akajifuta mikono kwa upindo wa kanga, akavuta hatua moja mbele.

Mpwa alifikiri sana. Kisha akainua mkono wa kulia.

"Naahidi mbele yenu nyote: Jumamosi Shangazi atakaa nyuma yangu, sawasawa na mgongo wangu, ili paka waonekane wananitazama mimi. Wala sitamsimamisha, ni mtu mzima. Atakalia kigoda kizuri, akichonge mwenyewe kama apendavyo."