Kibuyu cha Njia Panda

Ng'ombe wa mahari walikuwa wamesimama katikati ya njia panda ya barabara mpya ya mchepuko, nje kidogo ya Chapwa, wakicheua kwa raha zao, huku malori yamejipanga pande zote nne. Mbele yao Mzee Zabron, na koti lake la kanisani na kibuyu cha maji mkononi, alikuwa akizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Alikuwa anautafuta mkuyu. Kabla ya lami, njia mbili za miguu zilikutana chini yake: moja ikishuka kutoka Mbozi Mission na magunia ya kahawa, nyingine ikipanda kutoka Ndalambo na mifugo. Hapo ndipo ng'ombe wa mahari walipopokelewa, kwa kumwagiwa maji kwenye kwato, na hapo ndipo walipopokelewa wale wa mahari ya mkewe, Imelda, miaka arobaini na mitatu iliyopita. Tangu grida la kuchonga barabara lipite, Zabron alikuwa ameinunia barabara. Wakwe walipoomba kuwaleta ng'ombe nyumbani kwa lori la fuso, aliapa mbele ya watu: maji yatamwagwa palepale, la sivyo ng'ombe warudi walikotoka na binti yake Loisi haolewi. Na mzee huyu, jamani, akishasema amesema!

Sasa palepale penyewe hapaonekani. Mkuyu haupo, kilima kimechongwa. Loisi alikuwa ameanza kulengwalengwa na machozi.

"Bashikulu!" dereva Mzambia akamwita babu kwa lugha yake, akichungulia dirishani. "Tutapita leo au Krismasi?"

"Mkwe wangu," Ndalahwa, baba wa bwana harusi, alisema kwa upole, "tumetembea tangu juzi. Nionyeshe tu pa kusimama, nasi tutasimama."

Zabron aliona aibu mpaka masikioni. Ndoa ya mwanawe ameitundika mahali asipopajua! Imelda akamsogelea.

"Baba Loisi, unatafuta nini?"

"Mkuyu. Pale walipomwaga maji siku yetu."

"Mkuyu gani? Siku yetu mvua ilikuwa imeikata njia. Maji yalimwagwa kule ng'ambo, kwenye shamba la maharage la kina Gwalugano. Hata kiatu changu kilibaki kwenye tope."

"Acha masihara, mama!"

"Ungejuaje? Ulikuwa unaniangalia mimi."

Zabron akautafuta mkuyu kichwani mwake. Akakuta gauni la buluu, mguu mmoja pekupeku, na kicheko kilekile kilichokuwa mbele yake sasa. Naye akaangua kicheko, akacheka mpaka koti likamponyoka begani.

Akageuka amwite Ngusa, bwana harusi. Kijana alikuwa amesimama katikati ya honi na vumbi, haoni lori wala lami, macho yote kwa Loisi.

"Ni hapahapa!" Zabron akapaza sauti, akakipindua kibuyu juu ya kwato.