Kiti Namba Themanini na Saba

Mpanga viti wa ukumbi wa mji alikuwa na kawaida ya kupaka namba nyeupe chini ya kila kiti na kuandika daftarini nani ameketi wapi. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, alipofika kituo cha polisi akiwa na bandeji kichwani, maelezo yake yalikuwa mafupi. Katika mkutano wa kampeni wa Jumamosi alipigwa kwa kiti namba themanini na saba. Aliyekikalia ni mshereheshaji, na ndiye aliyekirusha.

"Nilimwona kwa macho yangu, afande."

"Huko tutafika, mzee," alisema askari wa zamu. "Kwanza, mgombea aliposema 'mwenye macho haambiwi tazama', wewe ulielewaje?"

"Sikuelewa chochote. Nilikuwa nanyoosha safu."

Askari akamfafanulia kwa utaratibu. Chama kimoja kilidai kuwa msemo ule ulikuwa amri ya kupiga watu. Kingine kilishikilia kuwa mgombea alikuwa akisifu barabara mpya. Alipomaliza, miguu ya mpanga viti ilikuwa imeachana na sakafu kwa shibiri moja. Askari aliinua uso kidogo ili waendelee kutazamana.

Tangu hapo, kila msemo ule ulipofasiriwa karibu naye, alipanda shibiri nyingine. Daktari alimpima, akaona kidonda kinapona vizuri na uzito haupo, akaandika dawa ya kidonda. Mkewe, fundi cherehani, alimfunga kiunoni kwa kamba ya kuanikia nguo, na ncha ya pili akaikaza kwenye mguu wa cherehani.

"Baba watoto, maadamu uko huko juu, nitolee utando wa buibui."

"Nimeshautoa tangu taarifa ya habari ya asubuhi."

Wajumbe wa vyama vyote viwili walikuja siku moja kumpa pole. Walianza kufasiri wakiwa bado mlangoni, hata chai yake ikabidi ipandishwe kwa ngazi. Mpanga viti aliwashushia daftari, lililofunguliwa kwenye ukurasa wenyewe. Walisoma, wakatazamana. Mshereheshaji yule aliongoza mikutano ya vyama vyote viwili, kila kimoja kwa zamu yake, na kampeni zilikuwa zimebakiza mwezi mzima.

"Mzee, tusichafue..." alianza mmoja.

"...hali ya hewa," alimalizia wa chama cha pili.

Wakaaga kwa heshima na kurudisha daftari.

Ukumbi, kwa upande wake, ulimpandisha cheo. Sasa alitundika mabango na kubadilisha taa bila ngazi, na kazi hiyo aliipenda. Siku ya mkutano wa amani aliomba mtu mwenye mikono imara wa kumshikia kamba. Akaletewa mshereheshaji.

"Hujambo huko juu, mzee?"

"Sijambo, kijana wangu. Usilegeze."

"Nimekushika. Wewe tundika tu."

Mshereheshaji akavuta kiti, akaketi, akazungusha kamba mkononi. Mpanga viti alikagua safu kutoka darini. Zote zilikuwa zimenyooka. Akatoa daftari, akaandika kwa mwandiko mzuri: themanini na saba, yuleyule.

Kisha mgeni rasmi akasimama kueleza maana halisi ya msemo wa mgombea, na mpanga viti akaomba aongezewe kamba.