Mama Mabano Anakuja Kujibu

Saa tatu na robo asubuhi ya Jumatatu, mwandishi wa miongozo aliweka chai yake kando ya kibodi na kuanza kazi. Kazi yenyewe ilifanywa na kompyuta: ilizipitia programu zote arobaini na moja za kuendesha pampu za maji, ikaitaka kila moja ijieleze, kisha ikayapanga majibu katika kurasa safi. Juu jina, kisha matumizi, kisha machaguo, na chini kabisa mwandishi wake. Programu thelathini na saba zilijibu papo hapo. Ya thelathini na nane, ile ya kufunga koki kuu, ilinyamaza.

Haikuwa ajabu. Mama Mabano, aliyeziandika zote, alifariki wiki saba nyuma kabla ya kuandika maelezo ya zile nne za mwisho. Ofisi nzima ilimwita hivyo kwa sababu hakuwahi kufungua mabano asiyafunge, hata kwenye ujumbe wa simu.

Saa nne kasoro dakika tano Mama Mabano aliingia kwa mlango wa chini, mkoba wake wa kijani begani.

"Kadi yako imekwisha muda, mama," mlinzi alimwambia.

"Hata mimi, baba."

Mlinzi alicheka, akamsogezea daftari la wageni. Kwenye safu ya sababu ya kuja, marehemu aliandika: kujibu.

Alipanda ngazi polepole, maana goti lilikuwa bado linamsumbua. Kiti chake kilikuwa kimewekewa maboksi ya karatasi. Mwandishi aliyaondoa, akakipangusa vumbi. Kompyuta ilipoiuliza tena programu ya thelathini na nane, Mama Mabano ndiye aliyejibu, na maneno yake yakajipanga kwenye skrini bila mtu kugusa kibodi.

"Usifunge koki kwa pupa, bomba la bondeni litapasuka," alisema. "Hilo likae juu, mwanangu. Usinifichie onyo chini huko kama mkia wa kondoo."

Alijibia programu moja kwa siku. Wafu huchoka upesi.

Alhamisi saa nane mchana alimaliza ya mwisho, akavaa miwani, akaomba aone ukurasa mmoja uliochapwa. Aliusoma hadi chini.

"Mwandishi: Mkuu wa Kitengo. Kumbe ni yeye?"

"Hapana, mama."

"Nani kaliweka hili?"

"Mimi. Niliambiwa."

Ilikuwa wiki ile ile ya maziko. Mkuu alimtaka mwandishi wa miongozo aongeze mstari mmoja kwenye faili la mipangilio, na mstari huo ukawa unalifuta jina la Mama Mabano popote lilipotokea na kuweka cheo cha mkuu. Ilimchukua sekunde tisa. Jioni yake mwandishi alikwenda msibani, akalia machozi ya kweli, akaosha sufuria mpaka vidole vikakunjamana. Mama huyu ndiye aliyemfundisha kazi, tangu siku ambayo hakujua hata kuwasha mashine.

"Basi ufute. Ni mstari mmoja tu."

Mwandishi alilifungua faili. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe mkuu alipoingia.

"Aa, Mama Mabano! Pole sana kwa msiba."

"Nimeshapoa. Nawe pole."

"Lakini unaelewa, mama. Mteja anataka mtu wa kumpigia simu. Wewe utapatikana wapi?" Akamgeukia mwandishi. "Chapa hivyo hivyo, dada."

Mwandishi hakumtazama yeyote. Alilifunga faili kama lilivyokuwa, akachapa. Printa ilitoa kurasa arobaini na moja, na chini ya kila ukurasa kilikuwepo cheo cha mkuu. Alizipanga kingo zikalingana, akazipanga tena, ingawa zilikuwa tayari zimelingana.

"Nisamehe, mama," alisema kwa sauti ndogo.

"Nimekusikia," Mama Mabano alijibu, akafunga zipu ya mkoba.

Mkuu alizichukua kurasa. "Mteja amekaa mapokezi saa nzima akizingoja hizi. Ukipita hapo chini, mama, mwombe radhi kwa kumchelewesha."

Mama Mabano alisimama kwa kushika ukingo wa meza, akasubiri goti litulie.

"Maelezo yamekamilika, na bomba halitapasuka," alisema. "Simwombi radhi. Na wewe sikuombi."